Ziwa Lililochorwa kama Koa

Mwaka 1856 wasomi wa London waliwekewa mezani ramani ya Afrika Mashariki iliyokuwa na mnyama katikati. Si mnyama wa pembeni, wale wa kupendezesha karatasi. Alikuwa ni ziwa. Lilianzia karibu na Ikweta, likashuka kusini hadi Nyasa, limevimba juu na kusinyaa chini, limejipinda kama koa anayetambaa kwenye ukuta wenye unyevunyevu. Wachoraji walikuwa wamisionari wawili Wajerumani waliokuwa wakifanya kazi upande wa Mombasa, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, na hilo ziwa lao waliliita Bahari ya Unyamwezi. Wasomi walicheka. Burton alicheka, Speke alicheka, na hadi leo kitabu chochote kinachosimulia habari hizi kitakutolea mzaha kuhusu koa kabla hakijaendelea na mambo mengine.

Mimi naomba tusicheke haraka. Nina sababu yangu, na inapitia kwenye hisabati, kwa hiyo wewe uliyeikimbia hisabati Kidato cha Pili kaa hapo hapo, sitakuumiza.

Erhardt hakuota ndoto. Mwaka 1854 alikaa Tanga miezi kadhaa, kazi yake ikawa kuuliza. Aliwauliza watu wa misafara: ukitoka hapa ukienda bara, unapita wapi, siku ngapi, mwisho wake nini? Aliyetoka Tanga akasema, mwisho ni maji makubwa. Aliyepitia njia ya Unyamwezi hadi Ujiji akasema, mwisho ni maji makubwa. Aliyekwenda kwa njia ya Kilwa naye vilevile, maji makubwa. Na hayo maji yanaitwaje? Hapo ndipo penye utamu. Msukuma atakwambia nyanza. Mnyanja atakwambia nyanja. Myao atakwambia nyasa. Ni neno moja lililovaa mashati matatu, na maana yake ni hiyo hiyo: maji mengi, ziwa. Sasa wewe ni Mjerumani, umekaa barazani Tanga, watu watatu wasiojuana wanakupa jibu moja kwa neno linalofanana. Utafanya nini? Utachora ziwa moja.

Tazama vizuri hapo. Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyesema uongo. Wa kwanza aliongelea ziwa letu hili la Mwanza, wa pili Tanganyika, wa tatu Nyasa. Kila mmoja alikuwa sahihi kwenye mstari wake. Koa alizaliwa pale mistari ilipounganishwa, kwa sababu muunganishaji alikwisha kuamini kabla ya kuanza kwamba kitu anachokichora ni kimoja. Shuleni tunafundishwa kwamba wenyeji walitoa "habari zisizo za uhakika" na wazungu wakaja kuzisahihisha. Siyo kweli, na mtu wa kunisaidia kulieleza hilo ni kijana mmoja wa Norway.

Jina lake Niels Henrik Abel. Alizaliwa 1802, akafiwa na baba akiwa bado shuleni, akaishi kwa madeni na misaada, na Aprili 1829 kifua kikuu kikamchukua akiwa na miaka 26. Siku mbili baada ya kufa kwake barua iliandikwa kutoka Berlin kumwambia kwamba kazi aliyokuwa akiisubiri imepatikana. Nyie mnaopeleka miswada kwa wachapaji na kukaa mwaka mzima bila jibu, mnaelewa.

Mwaka 1823, kijana wa miaka 20 au 21, Abel alichapisha katika jarida la kwao swali la ajabu. Shanga inateleza kwenye waya uliopinda. Wewe huuoni huo waya. Unajua tu kwamba ukiiachia shanga kutoka kimo hiki inachukua muda huu kufika chini, na kutoka kimo kile inachukua muda ule. Je, unaweza kulijua umbo la waya? Akajibu: ndiyo, na akatoa kanuni. Kwa lugha yetu, alionyesha kwamba kuna jumla ambazo ukizipewa unaweza kurudi nyuma ukajua vilivyojumlishwa. Wataalamu wanaiita transfomu ya Abel.

Shanga tuiache, tuchukue koroboi. Umeme ukikatika mtaani unaiwasha. Ule mwali ni wa duara ukiutazama kwa juu: katikati una hali yake, kandokando una hali nyingine, tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Lakini ukiupiga picha kwa ubavuni, kila nukta ya picha ni mchanganyiko wa matabaka yote ambayo mstari wa jicho lako umeyapita. Umeona jumla, hujaona kitu chenyewe. Ufanyeje? Anzia pembeni kabisa. Pale ukingoni jicho linapita kwenye ganda la nje peke yake, basi ganda la nje unalijua. Sogea ndani kidogo: hapo jicho linapita ganda la nje na la pili, na kwa kuwa la nje unalijua tayari, unalitoa, linabaki la pili. Endelea hivyo hadi katikati. Wenyewe wanaita kumenya kitunguu, sikutunga mimi, na ni mojawapo ya njia za kuipiga hesabu ya Abel kwenye kompyuta.

Hesabu hiyo inasimama kwa sharti moja tu. Mwali uwe na ulinganifu, yaani kushoto kwake kufanane na kulia kwake, pande zote za mhimili. Upepo wa ziwani ukipuliza mwali ukalala, kwisha kazi. Kitakachokutisha ni kwamba kompyuta haitakwambia. Itapiga hesabu, itatoa picha, na picha itang'aa.

Leo kuna programu za bure za kazi hii, mojawapo inaitwa PyAbel, na wanaozitumia ni wanasayansi wanaopiga picha za moto, za gesi, za chembe zinazoruka baada ya molekuli kupasuliwa kwa mwanga wa leza. Malalamiko yao yanafanana kila mara. Matokeo hayana maana. Kuna mstari mweusi au mweupe umepita katikati ya picha kama kovu. Ukichunguza, mara nyingi hesabu haina kosa. Picha ndiyo iliyoingizwa imelala. Programu inategemea mhimili usimame wima, toka juu kwenda chini. Mtu kamera yake aliifunga kwa ubavu, mhimili umelala, na programu inamenya kitunguu kwa upande usio na maganda. Au kitovu cha picha kimekosewa kwa pikseli moja au mbili, na kwa kuwa kila ganda linatolewa kwa kutegemea lile la nje yake, kosa dogo linabebwa ndani, ndani, mpaka linarundikana lote katikati. Ndiyo maana ya lile kovu. Hata idadi ya safu za picha inatakiwa iwe witiri, ili pawe na safu moja ya katikati kabisa. Jingine: mwanahisabati huhesabu kutoka chini kwenda juu, kompyuta huhesabu mistari ya picha kutoka juu kwenda chini. Watu wawili wenye akili timamu, picha moja, na mmoja anaiona miguu juu.

Na ulinganifu wenyewe una hila yake. Picha yenye kushoto na kulia sawasawa haikuambii kamwe kama imegeuzwa. Itazame kwenye kioo, ni ile ile. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mwali wako kweli ni wa duara, usiifanye programu iunganishe nusu mbili na kutoa wastani, kwa sababu wastani utaficha ugomvi. Menya nusu ya kushoto peke yake, menya ya kulia peke yake, kisha ziweke mbili pamoja uone kama zinasema kitu kimoja.

Mwafrika mmoja wa bara hili, mzaliwa wa Johannesburg, Allan Cormack, alipita njia hii kabla ya kompyuta hizi. Mwaka 1956 alikuwa mhadhiri wa fizikia Cape Town, na hospitali ya Groote Schuur ikamwita kusimamia kazi za mionzi kwa sababu sheria ilitaka awepo mwanafizikia. Akaona madaktari wanapanga mionzi ya saratani kana kwamba mwili wa mtu ni kitu kimoja kisicho na mfupa wala pafu. Akajiuliza kama mtu anaweza kujua kilichomo ndani kwa kupima mionzi inayotoka upande wa pili. Mwaka 1957 akachukua duara la alumini lililozungushiwa mbao, akapitisha mionzi ya kobalti. Kwa kuwa kitu kilikuwa cha duara, alihitaji kupima kwa upande mmoja tu. Pande nyingine zote ni sawa. Hesabu ikatoa jibu: hapa mbao, hapa alumini. Lakini katikati kabisa namba zikagoma kidogo. Akaenda kuwauliza mafundi wa karakana, nao wakamwambia, ndiyo, katikati ya ile alumini kuna kijiti cha aina tofauti kidogo. Hesabu ilikuwa imekiona kitu ambacho mwenye hesabu hakukijua!

Alipochapisha kazi yake 1963 na 1964 karibu hakuna aliyejali. Miongoni mwa walioomba nakala walikuwamo watu wa Uswisi wanaochunguza maporomoko ya theluji. Baadaye Godfrey Hounsfield wa Uingereza akatengeneza mashine bila kuijua kazi ya Cormack, mgonjwa wa kwanza akapigwa picha London mwaka 1971, na mwaka 1979 wawili hao wakagawana Tuzo ya Nobel. Ndiyo hiyo mnayoiita sitiskani.

Haya, turudi ziwani, maana naona wengine mmeshaanza kutazama saa.

Ramani za kale za chemchemi za Mto Nile zilikuwa na ugonjwa wa ulinganifu kuliko hata huo wa koa. Ptolemy aliweka Milima ya Mwezi, chini yake maziwa mawili pembeni kwa pembeni kama macho. Al-Idrisi, aliyemaliza kazi yake kubwa huko Palermo mwaka 1154, aliweka vijito kumi kutoka mlimani, vitano vinaingia ziwa la kushoto, vitano la kulia, halafu yote yanamwagikia ziwa la tatu. Tano kwa tano, safi kama mkeka uliosukwa na fundi. Na ramani yake, kwa desturi ya wachoraji wengi wa Kiarabu wa zama zile, iko kusini juu. Mkiiweka ukutani kwa mazoea yetu ya leo, Nile inaporomoka kuelekea mnakodhani ni Afrika Kusini. Hakuna kosa hapo, ni mazoea tu ya kushika karatasi. Lakini kwa jinsi kila kitu kilivyo tano kwa tano, hata ukiigeuza kushoto kulia picha haitalalamika.

Ramani ya koa ndiyo mojawapo ya sababu zilizowaleta Richard Burton na John Speke. Walitoka Zanzibar Juni 1857, wakafika Tabora Novemba, Ujiji Februari 1858. Pale Ujiji likazuka suala la Mto Rusizi, ulio kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Je, unaingia ziwani au unatoka? Ukitoka, basi Tanganyika huenda ndiyo mama wa Nile. Ukiingia, basi hesabu nyingine. Mfanyabiashara mmoja Mwarabu alieleweka kuwa amesema unatoka. Walipofika Uvira Aprili 1858, wana wa chifu wa pale wakasema unaingia. Wazungu hawakufika mdomoni mwa mto wakaona kwa macho yao. Suala zima lilikuwa mshale mmoja kwenye karatasi, uelekee juu au uelekee chini, na huo mshale mmoja uliyumbisha ramani ya nusu ya bara kwa miaka 13.

Fikiria pia maneno yalivyosafiri. Speke hakujua Kiswahili. Aliongea Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utotoni na kuuzwa utumwani India. Bombay aligeuza kwa Kiswahili, na mara nyingi mwingine akageuza tena kwa lugha ya mwenyeji. "Unaingia" na "unatoka" vikipitia midomo mitatu, si ajabu kimoja kikafika kimevaa kofia ya mwenzake. Nawaza hadithi ndefu iliyomo ndani ya Bombay peke yake, lakini hiyo ni riwaya, siyo insha.

Burton akiwa hoi kwa ugonjwa Tabora, Speke akaondoka Julai 1858 kuja kaskazini. Tarehe 30 Julai akaona maji: siyo ziwa, ni ule mkono mrefu mwembamba tunaouita Ghuba ya Mwanza, huo huo uliovukwa na daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025. Tarehe 3 Agosti akapanda kilima karibu na Mwanza ya leo, akalitazama ziwa lenyewe. Alikaa siku chache, akamhoji Chifu Mahaya, akatumbukiza kipimajoto kwenye maji yanayochemka ili apate kimo cha mahali, na kimo alichopata hakikuwa mbali na hizi mita 1,134 zinazokubalika leo. Akarudi zake Tabora akitangaza kwamba chanzo cha Nile amekipata.

Wewe mkazi wa Mwanza, panda Capri Point uangalie. Unaona nini? Unaona mawe, unaona nchi ya Sengerema upande wa pili, unaona visiwa. Ukisogea ukatazama kaskazini, Ukerewe imekaa mbele kama mtu aliyesimama mlangoni. Kutoka hapo kusema kwamba nyuma yake kuna ziwa moja lisilokatika hadi Ikweta na kupita, na kwamba Nile inatoka huko, ni kumenya kitunguu kwa kugusa ganda moja. Speke alikuwa sahihi. Lakini mimi simwiti mtu mwerevu kwa sababu amebahatisha, na Burton alikuwa na haki ya kukasirika. Hata Speke aliporudi, na tarehe 28 Julai 1862 kusimama mahali Nile inapotoka ziwani, pale Jinja ya leo, alikuwa ameligusa ziwa kusini, magharibi kidogo na kaskazini. Upande wote wa mashariki haukuwa na jicho.

Burton naye akaangukia upande wa pili. Speke alikufa kwa bunduki yake mwenyewe tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala wao uliopangwa mjini Bath. Mwaka huo huo Burton akatoa kitabu kinacholikatakata ziwa la Speke vipande vipande, maziwa kadhaa badala ya moja, na akaugeuza Rusizi utoke kaskazini badala ya kuingia. Hoja zake ukizisoma zina mpangilio kuliko za Speke. Na zilikosea zote mbili. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi hadi mdomoni mwa Rusizi wakaukuta unaingia, kama wana wa chifu wa Uvira walivyosema tangu 1858.

Kulimaliza suala la ziwa kulihitaji kitu ambacho Cormack hakukihitaji kwa duara lake: kupima pande zote. Stanley alifika Kageyi, kwenye Ghuba ya Speke mashariki ya Mwanza, mwishoni mwa Februari 1875, akiwa na mashua yake Lady Alice iliyobebwa vipande vipande vichwani mwa wapagazi kutoka pwani. Tarehe 8 Machi akaingia majini na mabaharia 11. Akazunguka kwa mashariki, akapanda kaskazini hadi kwa Kabaka Mutesa, akashuka kwa magharibi, akarudi Kageyi tarehe 6 Mei. Karibu miezi miwili. Ziwa ni moja. Mzungu mwenzake aliyemwacha Kageyi, Frederick Barker, alimkuta amekwisha kufa. Na tusisahau kisiwa cha Bumbire: Aprili alipopita walimnyang'anya makasia, na Agosti alirudi na bunduki na kuwaua watu kwa makumi, wakiwa na mikuki na mishale. Mstari ule wa ufuko wa magharibi, ulio mzuri kwenye ramani, una damu hiyo.

Hata hivyo ramani yake ilikuwa na kasoro zake, na zote ni za aina moja: popote palipokuwa na kisiwa au rasi imekaa mbele, mstari wa jicho ulikwama na Stanley akachora ufuko pale macho yalipoishia. Mdomo mwembamba wa ghuba inayokwenda Kisumu ulimpita. Kusini magharibi vilevile. Mwaka 1889, akirudi kutoka kumchukua Emin Pasha, alipita kule kwa miguu na kukuta maji mahali ambapo karatasi yake mwenyewe ya 1875 ilionyesha nchi kavu. Ikabidi kusubiri hadi mwanzoni mwa karne ya 20, Kamanda Whitehouse wa Jeshi la Majini la Uingereza alipoupima ufuko ghuba kwa ghuba.

Lakini siku ile ya 1889 Stanley aliwauliza wenyeji wa kusini magharibi, maji haya ni ya ziwa gani? Wao walikuwa wakivua humo tangu enzi za babu zao. Jibu walilompa lilikuwa ni lile lile alilolisikia Erhardt barazani Tanga miaka 35 nyuma: ni nyanza.